Fullmetal Alchemist: uanze na ya 2003 au Brotherhood?

Swali: Assalaam alaykum kaka. Mimi kijana wa Wete, Pemba, nimemaliza kidato cha nne nasubiri matokeo. Barazani kwetu kila usiku ni ubishi. Mwenzangu mmoja anasema ile katuni ya Kijapani, Fullmetal Alchemist, niangalie ya 2003 kwanza. Mwengine anasema ile ni feki, ya kweli ni Brotherhood kwa sababu inafuata kitabu neno kwa neno. Bando langu la kuungaunga, siwezi kushusha zote mbili. Nianze na ipi? Na Naruto, niziruke hizo wanazoziita fila au niangalie yote? Mjomba wangu naye anasema One Piece ile ya watu halisi inatosha, katuni ya nini. Halafu nina mdogo wangu wa kike wa miaka 11, nikiangalia na yeye anakaa pembeni kuangalia.

Jibu: Waalaykum salaam, mdogo wangu. Jibu lenyewe nalitanguliza ili hata bando likikatika njiani usilikose: anza na Brotherhood, episodi zote 64, usiruke hata moja. Lakini huyo mwenzako anayeiita ya 2003 feki kakosea, na kosa lake ndilo linalozaa nusu ya ubishi wa anime, yaani katuni za Kijapani, ninaousikia huku Unguja. Kwa hiyo hapo nitakaa kidogo, hayo mengine nitayapita mbio.

Mie miaka yangu mingi imeishia nyuma ya kaunta ya duka la kukodisha kanda, baadaye dividii, karibu na Darajani. Ubishi kama wenu nimeusikia mpaka nimeuota. Na karibu kila mara watu wanagombana ipi nzuri kabla hawajauliza jambo dogo tu: studio ilipokaa kitako kutengeneza katuni, kitabu kilikuwa kimefika wapi?

Basi tuulize. Fullmetal Alchemist ni manga, hadithi ya picha, kazi ya Hiromu Arakawa. Ndugu wawili, Edward na Alphonse, wanafiwa na mama yao, na kwa utoto wao wanajaribu kumrudisha kwa alkemia, elimu ya kugeuza kitu kuwa kitu chengine, jambo lililokatazwa. Mkubwa anapoteza mguu na mkono. Mdogo anapoteza mwili mzima, roho yake inafungwa ndani ya vazi la chuma la vita. Hadithi yote ni safari yao ya kutafuta walichopoteza. Ilianza kuchapishwa 2001 katika jarida la Monthly Shōnen Gangan, ikamalizika 2010, juzuu 27.

Sasa shika neno moja hapo: jarida lile hutoka mara moja kwa mwezi. Sura moja, halafu msomaji anasubiri mwezi uandame. Televisheni haina subira hiyo, yenyewe hula kila wiki. Studio ya Bones ilianza kurusha katuni ya kwanza Oktoba 2003, ikaenda wiki kwa wiki mpaka Oktoba 2004, episodi 51. Katika mwaka huo huo mwandishi alikuwa akitoa sura kumi na mbili. Hata ukichanganya na juzuu chache zilizokwishatoka kabla, unga ule hautoshi maandazi yale. Hadithi nzima ya juzuu 27 ilikuwa bado haijafika hata nusu yake, na mwisho wake ulikuwa kichwani mwa Arakawa tu.

Studio ililijua hilo tangu siku ya kwanza. Mwongozaji Seiji Mizushima na mwandishi wake wa mchezo, Shō Aikawa, hawakushtukizwa njiani na kitabu kilichoishiwa kurasa. Walikusudia toka mwanzo kuwa na mwisho wao, na Arakawa mwenyewe aliridhia, tena alitaka mwisho wa katuni usiwe sawa na wa kitabu chake. Ndiyo maana nusu ya mwanzo utaona mambo mengi yanafanana, halafu kuanzia katikati njia zinaachana. Maadui wana majina yale yale, lakini ukiuliza wametoka wapi, wamezaliwaje, jibu ni jengine kabisa. Hadithi hiyo ikafungwa rasmi na filamu ya 2005.

Brotherhood ikaja Aprili 2009. Studio ile ile ya Bones, mwongozaji mwengine, Yasuhiro Irie. Safari hii kitabu kilikuwa kinakaribia ukingoni, na wakapiga hesabu ya mwendo vizuri: sura ya mwisho ilitoka Juni 2010, episodi ya mwisho ikarushwa mwanzoni mwa Julai. Kama majahazi mawili yanayoingia bandarini kwenu kwa maji yale yale.

Sasa niambie feki iko wapi. Studio ni moja. Mwandishi wa asili ni mmoja, na alitoa ruhusa. Bi Kidude kaimba nyimbo za Siti binti Saad miaka na miaka, kwa sauti yake, kwa ukali wake, akipunguza hapa na kuongeza pale, na sijamsikia mtu wa visiwa hivi akisimama kusema Bi Kidude feki. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Unaweza kusema pishi lile hukulipenda. Kusema si chakula, hapana.

Na huyo huyo mwenzako umwambie na hili, kwa upole, asije akainuka barazani: habari ya neno kwa neno nayo si kweli. Episodi ya kwanza kabisa ya Brotherhood haimo kitabuni. Yule mtu wa barafu anayevamia mji mkuu usiku ule walimtunga studio, ili wakutambulishe wahusika wote kwa mkupuo mmoja. Mtu akinibishia kwa sauti kubwa kwamba Brotherhood ni kitabu kitupu, huwa namuuliza tu yule jamaa wa barafu yuko juzuu ya ngapi. Anakohoa, anaomba maji.

Lakini tofauti ninayotaka uijue wewe, kwa sababu ndiyo itakayokugusa ukiangalia, ni ya mwanzoni. Brotherhood inakimbia. Waliotengeneza walijua kuwa watazamaji wengi wa Japani walishaiona ya 2003 miaka mitano tu nyuma, kwa hiyo yale yaliyokwishasimuliwa wakayabana. Kuna mji wa machimbo ya makaa ya mawe, unaonewa na afisa mla rushwa, sura nzuri sana ya mwanzoni mwa kitabu. Ya 2003 imeupa episodi nzima. Brotherhood imeuruka, na baadaye afisa yule anapotokea tena wanakukumbusha habari ambayo hukuiona.

Mfano ulio mzito zaidi ni Maes Hughes. Huyu ni afisa wa jeshi mwenye miwani na ndevu za kidevuni, na ugonjwa wake ni mmoja: binti yake. Ukimuuliza saa, anakutolea picha ya binti. Akipiga simu kazini kwa rafiki yake, mambo ya serikali yanasubiri, kwanza umsikie mtoto kafanya nini leo asubuhi. Sitamwaga mtama kwenye kuku wengi, nitasema tu kwamba kuna usiku mmoja, kuna kibanda cha simu, na hadithi baada ya hapo haicheki tena kama ilivyokuwa ikicheka.

Katika Brotherhood usiku huo ni episodi ya 10. Katika ya 2003 ni ya 25. Ni kisa kile kile, lakini hebu fikiria yaliyotangulia hiyo ya 25. Katika ya 2003, wewe mtazamaji umekuwemo nyumbani kwa Hughes siku binti anapozaliwa, episodi ya 6. Ni siku ya kuzaliwa kwa Edward, wamekusanyika kula, mara mke anashikwa na uchungu, theluji nje, daktari hafikiki kwa urahisi, na wavulana wawili wanaojua kanuni zote za alkemia wanasimama mikono inawatetemeka mbele ya jambo ambalo wanawake wa dunia nzima wanalifanya bila kanuni yoyote. Kwa hiyo kila picha anayoitoa mfukoni baada ya hapo, mtoto yule unamjua. Ulikuwepo. Ikifika 25, ni kama kufiwa na jirani. Ikifika 10 ya Brotherhood, ni kama kusikia msiba wa jirani wa mwenzako: unasikitika kweli, lakini sinia la chakula huliachi.

Ndiyo maana mtu mwenye muda na bando, mie humwambia aanze na ya 2003, kisha aje Brotherhood. Mwenzako wa kwanza hakukosea. Wewe nimekwambia kinyume kwa sababu umesema una nafasi ya moja, na mwenye nafasi ya moja apewe ile iliyofika mwisho aliouwaza mwenye hadithi. Ukiangalia ya 2003 peke yake hutakutana kabisa na wageni kutoka nchi ya Xing, wala na yule jenerali mwanamke anayelinda mpaka wa kaskazini kwenye baridi, ambaye mie namuona ndiye askari wa kweli kuliko wanaume wote mle ndani. Na zile episodi kama kumi za mwisho za Brotherhood, kila mtu mdogo uliyempita njiani na kumsahau anarudi na kazi yake mkononi.  Sijaona hadithi nyingi za televisheni zilizolipa madeni yake yote namna ile.

Madeni nimeyataja kwa makusudi. Kanuni kubwa ya alkemia mle ndani ni kubadilishana kwa usawa: ukitaka kupata kitu, utoe chenye thamani sawa nacho. Arakawa kazaliwa Hokkaido, kaskazini mwa Japani, katika familia ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, na nyumba ya wafugaji haina mtu wa kukaa bure. Mtu wa Pemba anaielewa kanuni hii haraka kuliko mtu wa mjini. Mkarafuu unaupanda, unaungoja miaka, unaupanda tena kwa miguu juu matawini mvua ikitishia, halafu unaanika na kuanua, unaanika na kuanua. Hakuna anayekupa gunia kwa kuwa umelitamani. Lakini kuna mwaka unafanya yote hayo na mti hauzai. Hapo ndipo katuni hizi mbili zinapoulizana swali: je, kweli dunia inalipa sawasawa? Ya 2003 inaitia kanuni hiyo shaka mpaka kwenye mizizi, kwa ukali. Brotherhood haiivunji, inaisogeza mahali pengine mwishoni, kwa neno moja la Edward ambalo wengine wamelicheka kwa kuwa limo ndani ya maneno ya posa. Mie sikulicheka.

Nikupe na jambo moja la lugha, maana najua utasoma maandishi ya chini ya Kiingereza. Alphonse hamwiti kaka yake kwa jina. Kila mara anamwita "nii-san". Wafasiri wameandika "Brother", na kwa Kiingereza linakaa kigumu kidogo, kama mtu anayehutubia. Wewe kichwani mwako lisome "kaka", na uone kila kitu kinavyokaa mahali pake. Kuna mzaha unaorudi mara nyingi: wageni wakiwaona wawili hawa, wanalitazama lile dude la chuma lenye urefu wa mlango, wanadhani huyo ndiye mkubwa, ndiye maarufu. Yule mfupi pembeni anapandwa na hasira. Halafu dude la chuma linainama, kwa sauti ya mtoto, linasema "kaka, tulia". Kwa Kiswahili neno moja limekwishakuonyesha nani mkubwa, nani anamheshimu nani, na kwamba ndani ya chuma kile kuna mtoto. Na hapo hapo utagundua kwa nini watoto wetu wanazishika nyimbo za anime upesi hata kama hawajui maana: silabi za Kijapani karibu zote zinaishia na irabu, kama za kwetu.

Hesabu ya bando. Kwenye simu, ubora wa 480 unakutosha, usidanganywe na wenye televisheni za ukutani. Kwangu mie episodi moja kwa ubora huo hula kati ya MB 100 na 150, kwa hiyo 64 ni kama GB 8. Kwa muda, kila episodi ni dakika 24 ukihesabu na nyimbo, yaani saa 25 na kitu kwa zote. Episodi mbili kila usiku baada ya Isha, mwezi mmoja na siku mbili umemaliza. Matokeo yako yatakuwa bado hayajatoka pengine.

Tuje kwenye Naruto, na utaona ugonjwa ni ule ule, dawa tu ndiyo nyengine.

Masashi Kishimoto alikuwa akichora sura moja kila wiki, kurasa chini ya ishirini. Studio ya Pierrot ikaanza kurusha katuni Oktoba 2002, nayo kila wiki. Lakini dakika ishirini za katuni zinakula zaidi ya sura moja, mara nyengine mbili na zaidi. Kwa hiyo katuni inakimbia kuliko kitabu, na siku moja inakigonga kwa nyuma. Hapo studio ina njia tatu: isimame, iburute miguu, au ijitungie. Siku zile kusimama maana yake kupoteza nafasi yako kwenye televisheni, na hiyo hakuna aliyeitaka. Pierrot wakajitungia, na hizo za kujitungia ndizo fila. Naruto ya kwanza ina episodi 220. Sehemu ya kwanza ya kitabu inaishia kwenye episodi ya 135, baada ya yale mapigano ya bondeni kwenye maporomoko, nadhani hata wasioangalia wamesimuliwa. Kuanzia 136 mpaka mwisho ni kungoja tu, karibu yote ni ya kujitungia, mpaka Shippuden, katuni ya sehemu ya pili ya kitabu, ilipoanza Februari 2007.

Ushauri wangu: ukifika 135, pumzika siku mbili uomboleze, halafu nenda Shippuden episodi ya kwanza. Hutapotea. Ukitaka kujua uzito wa ninachokuokoa, Naruto na Shippuden pamoja ni episodi 720. Kwa dakika 24 ni saa 288, siku kumi na mbili usiku na mchana bila kulala wala kuswali. Kuna watu wamenunua ng'ombe kwa muda huo.

Ila fila si tusi. Wako vijana wanaofungua orodha ya fila kabla hawajafungua katuni, wanaruka kama mbuzi, hawacheki hata mara moja. Episodi ya 101 haimo kitabuni, na inahusu watoto watatu wanaohangaika kutwa nzima kutaka kuona uso wa mwalimu wao anayejifunika kitambaa. Haisogezi hadithi hata hatua moja. Usiiruke.

One Piece walichagua kuburuta miguu. Inarushwa tangu Oktoba 1999, imepita episodi elfu moja na mia, na haina fila nyingi kwa ukubwa wake, kwa sababu miaka mingi wameichukua sura moja na kuivuta kama chapati ya maji mpaka ijaze dakika zote. Ngumi inanyanyuliwa, watu wanashangaa mmoja mmoja, bahari inaonyeshwa, ngumi bado iko juu. Siku hizi studio nyingi zimechagua ile njia iliyobaki, ya kusimama, ndiyo maana mnalalamika kusubiri. Attack on Titan sizini ya kwanza ilikuwa 2013, ya pili ikaja 2017. Miaka minne watu wanalia, lakini hakuna aliyeletewa fila.

Mjomba mwambie kasema nusu ya kweli. Ile ya watu halisi ya Netflix, Agosti 2023, ni nzuri, na Eiichiro Oda mwenyewe alishiriki kuisimamia. Walipiga picha Cape Town, kwa hiyo bahari ile unayoiona ni ya bara letu. Episodi zake nane za sizini ya kwanza zinakufikisha mahali ambapo katuni inafika kwa episodi kama 44. Kama mlango wa kuingilia, sina neno. Ila asije akakushauri na Fullmetal Alchemist ya watu halisi ya 2017. Hiyo pitia mbali.

Mdogo wako sasa, na hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko kote.

Fullmetal Alchemist si ya mtoto wa miaka 11. Kuna mtoto mdogo wa kike na mbwa wake, episodi ya 4 ya Brotherhood, na kinachowapata kinafanywa na baba mzazi. Watu wazima wamekaa kimya siku nzima kwa episodi hiyo. Kuna kiumbe cheupe kisicho na uso kinachojitaja kwa majina makubwa, na la Mungu likiwemo, na mzee akipita ukumbini akalisikia hilo bila kujua linatoka wapi, utaeleza mpaka alfajiri. Angalia peke yako, tena kwa visikilizio.

Nakwambia haya kwa sababu mie mwenyewe niliwahi kuteleza. Zamani dukani alikuja mama mmoja, mwezi wa Ramadhani, akaomba katuni ya watoto isiyo na ngumi. Nilikuwa na dividii moja sijaiangalia, jalada lake lina watoto wawili, kaka na mdogo wake, wanacheka usiku katikati ya vimulimuli. Nikampa, nikijisifu moyoni. Ilikuwa Grave of the Fireflies, filamu ya Isao Takahata ya 1988, habari ya watoto wawili wa Kobe wanaobaki peke yao mwishoni mwa vita, 1945, na njaa. Kesho yake mama yule aliirudisha, kaifunga ndani ya mfuko wa plastiki kama kitu kinachonuka, akaiweka juu ya kaunta. "Umewaliza wanangu," akasema, "hata daku hawakula." Pesa hakunidai. Alinitazama tu, akaenda zake. Jioni ile nikaiangalia, nikaelewa. Tangu siku hiyo sijampa mtu kitu kwa kutazama jalada.

Sasa la ajabu ni hili: filamu ile ilitolewa siku moja na My Neighbor Totoro ya Hayao Miyazaki, Aprili 1988, zikionyeshwa pamoja kwenye majumba ya sinema ya Japani. Studio moja, Ghibli, na tikiti moja. Na Totoro ndiyo nitakayokushauri umtafutie mdogo wako. Mabinti wawili wanahamia shamba na baba yao, mama yuko hospitali, na msituni kuna dude kubwa lenye manyoya linalopenda kulala. Hakuna adui ndani yake. Hakuna anayepigana. Ina dakika 86, na maandishi si mengi, kwa hiyo hata akiwa hasomi Kiingereza haraka atafuata, na pale atakapokwama utamtafsiria, kazi ya kaka hiyo. Iko na nyengine nzuri ya Miyazaki, Kiki's Delivery Service ya 1989, ila mhusika wake ni msichana mchawi wa miaka 13 anayeruka na fagio, na wewe uko Pemba. Kama bibi anakaa nyumba hiyo hiyo, sikujui na hukunijua.

Kwa hiyo mwezi huu: Totoro na mdogo wako siku ya Ijumaa, Brotherhood peke yako usiku. Ya 2003 usiishushe. Huyo mwenzako wa kwanza kwa vyovyote anayo kwenye flashi, watu wa 2003 hawaifuti. Ukifika episodi ya 10, zima simu, usiende barazani usiku huo. Nenda kesho yake, umwombe akuazime flashi kwa saa nne au tano tu, uangalie ya 6, halafu uruke mpaka ya 25, kisha ndio mkae na huyo mwengine mumuulize tena ipi ni feki.